Namna ya Kurekebisha Bunduki ya Upepo kwa Kutumia Kronografu

Kronografu ni kifaa kinachopima kasi ya risasi mara tu inapotoka kwenye mtutu. Muundo wake wa kawaida si mgumu kuuelewa: vihisio viwili vya mwanga huwekwa kwa umbali unaojulikana, kivuli cha risasi kikipita juu ya kihisio cha kwanza saa ya ndani huanza kuhesabu, kikipita juu ya cha pili saa husimama, kisha umbali hugawanywa kwa muda na jibu likaonekana kwenye skrini. Vihisio vikiwa vimeachana kwa sentimita 30 na risasi ikienda kwa mita 240 kwa sekunde, muda wote unaopimwa ni milisekunde 1.25 tu. Ndiyo maana kosa dogo sana la upangaji huonekana kwenye namba. Zipo pia kronografu zinazofungwa kwenye mdomo wa mtutu, na nyingine zinazotumia rada, lakini utaratibu wa kurekebisha bunduki hautofautiani.

Wengi hukitafuta kifaa hiki ili wajue bunduki yao ina nguvu kiasi gani, na wakishaiona namba kubwa hukirudisha kabatini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake ndogo kuliko zote. Kazi kubwa ni kukuonyesha kama risasi zinatoka kwa kasi inayolingana, na kama badiliko ulilolifanya kwenye springi, nyundo (kipande kinachoigonga vali) au vali (mlango unaoachia hewa) limeleta tofauti ya kweli au ni dhana yako tu. Bunduki inayotoa mita 225 kwa sekunde kila unapofyatua itakupa shabaha bora kuliko ile inayorukaruka kati ya 229 na 246.

Kabla ya kuanza

Hakikisha umeelewa sheria ya mahali ulipo kuhusu kiwango cha nishati kinachoruhusiwa, kwa sababu marekebisho yanaweza kuivusha bunduki mpaka huo bila wewe kukusudia. Nchini Uingereza, kwa mfano, bunduki ndefu ya upepo inayozidi futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16.3, huingia katika kundi la silaha zinazohitaji cheti cha silaha za moto. Nchini Ujerumani mpaka wa zile zinazouzwa kwa watu wazima bila kibali ni jouli 7.5. Usivuke pia shinikizo la juu lililoandikwa na mtengenezaji kwenye silinda ya bunduki yako, hata kama geji inaonekana kuwa bado ina nafasi.

Vaa miwani ya kinga, na weka nyuma ya kronografu kizuizi kinachoweza kusimamisha risasi kabisa, kama vile sanduku la chuma lenye mteremko wa ndani au mfuko mnene uliojazwa matambaa. Bati jembamba au ubao mgumu hurudisha risasi kwa mpigaji. Kila unapotaka kugusa skrubu au kufungua sehemu yoyote, bunduki iwe haina risasi, springi isiwe imevutwa, na mtutu uelekee mahali salama. Bunduki ya springi isifunguliwe kwa mikono mitupu: springi yake huwa imebanwa hata ikiwa haijavutwa, nayo inaweza kukirusha kizibo cha nyuma kwa nguvu ya kuvunja vidole. Tumia kifaa cha kubania springi. Ikiwa huna, mpe fundi.

Kupanga kronografu

Weka kronografu kwenye stendi imara, na bunduki iegemee mfuko wa mchanga ili kila risasi ipite mahali palepale. Risasi ipite katikati ya vihisio, sambamba na mstari unaoviunganisha. Ikipita kwa kuinama, njia yake kati ya vihisio inakuwa ndefu, muda unaongezeka, na kifaa kinasoma kasi iliyo chini ya ile halisi. Pembe ya digrii 5 hupunguza usomaji kwa takriban asilimia 0.4, jambo linalovumilika. Digrii 10 hupunguza kwa asilimia 1.5, na hapo namba ya 240 imeshakuwa 236. Kwa kronografu ya kukunja, hakikisha imefunguka hadi mwisho, kwani upungufu wa milimita 1 katika sentimita 30 huleta kosa la karibu mita 0.8 kwa sekunde.

Umbali kati ya mdomo wa mtutu na kihisio cha kwanza uwe uleule siku zote. Mita 1 inafaa kwa bunduki nyingi. Ukikaribia mno, mvumo wa hewa unaotoka pamoja na risasi unaweza kukitangulia kivuli na kukichanganya kihisio, hasa pale ambapo mtutu una kizima sauti. Ukisogea mbali, risasi inakuwa imeshapunguza mwendo: risasi ya kawaida ya milimita 4.5 inayoanza na mita 240 hupoteza takriban mita 1 kwa sekunde kwa kila mita inayosafiri. Pima kwa kamba au rula, uandike, na urudie kipimo hichohicho hata baada ya miezi.

Mwanga ndio unaosumbua watu zaidi. Nje, jua kali linaloingia moja kwa moja kwenye vihisio hutoa usomaji wa ovyo, na ndiyo sababu kronografu nyingi huja na vifuniko vyeupe vya kutawanya mwanga. Ndani, taa zinazotumia umeme wa gridi humetameta kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kihisio kinaiona, hivyo kifaa hutoa namba za ajabu au hakitoi namba kabisa. Tumia taa maalumu za kronografu yenyewe, au taa ya betri yenye mwanga usiopepesa. Betri ya kifaa ikiwa dhaifu nayo huleta dalili zilezile, kwa hiyo ibadilishe kwanza kabla ya kuilaumu bunduki.

Kupata kipimo cha kuanzia

Usifungue skrubu hata moja kabla ya kujua bunduki ikoje sasa. Chagua aina moja ya risasi, ipime uzito kwa mizani ndogo ya kidijitali, kisha piga risasi chache za kuichangamsha bunduki usizozihesabu. Baada ya hapo piga mfululizo wa risasi 10 kwa mwendo wa utulivu, ukiandika kila namba kwa mpangilio ilivyotoka. Andika pia joto la hewa, shinikizo la silinda ikiwa bunduki ina silinda, aina na uzito wa risasi, na umbali wa kronografu. Mpangilio wa namba una maana yake, kwa hiyo usiridhike na wastani peke yake ambao kifaa kinakupa.

Chukulia mifululizo hii miwili. Wa kwanza: 238, 240, 239, 241, 240, 239, 238, 240, 241, 239. Wa pili: 231, 244, 238, 229, 246, 240, 235, 243, 232, 237. Wastani wa kwanza ni 239.5 na wa pili ni 237.5, hivyo mtu anayeangalia wastani tu ataona bunduki mbili zinazofanana. Lakini pengo kati ya namba ya juu na ya chini ni 3 katika mfululizo wa kwanza, na 17 katika wa pili. Kwa shabaha iliyo mita 50, hata ukiacha ukinzani wa hewa, pengo la 3 hutawanya risasi kwa wima kwa takriban milimita 5, ilhali pengo la 17 huzitawanya kwa zaidi ya sentimita 3. Hakuna darubini wala pumzi ya kujizuia itakayoziba sentimita hizo.

Nishati hupatikana kwa kuzidisha uzito wa risasi kwa gramu na kasi iliyojizidisha yenyewe, kisha kugawanya kwa 2000. Jibu ni jouli. Makopo mengi ya risasi huandika uzito kwa greni, na greni 1 ni gramu 0.0648. Risasi ya greni 8.44, ambayo ni gramu 0.547, ikienda kwa 239.5 ina jouli 15.7. Ukitumia greni na futi kwa sekunde, zidisha greni na kasi iliyojizidisha yenyewe, ugawanye kwa 450240, nawe utapata futi-pauni.

Itatokea namba moja ikawa ya kipuuzi, tuseme 340 katikati ya 240. Hiyo ni hitilafu ya usomaji na unaweza kuifuta, kwa kuwa bunduki haiwezi kuongeza mita 100 mara moja kisha ikarudi. Namba ya 229 katikati ya 240 ni jambo jingine: inawezekana kabisa, na huenda ndiyo inayokueleza ugonjwa ulipo. Isifutwe kwa kuwa inaharibu wastani.

Jambo la mwisho kabla ya kugusa bunduki ni kujua tofauti ipi ina uzito. Ikiwa mkengeuko sanifu wa mfululizo wako, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ambao kronografu nyingi huukokotoa zenyewe, ni mita 2 kwa sekunde, basi wastani wa mifululizo miwili ya risasi 10 unaweza kupishana kwa karibu mita 2 kwa bahati tu, bila kitu chochote kubadilika. Anayeshangilia ongezeko la mita 1 baada ya kubadili grisi anashangilia upepo. Rudia mfululizo, na kama tofauti inabaki upande uleule, hapo iamini.

Kurekebisha bunduki ya springi

Katika bunduki hii pistoni husukumwa na springi, nayo huibana hewa nyuma ya risasi kwa muda mfupi mno. Anza na mahali hewa inapoweza kuvuja. Laza ukanda mwembamba wa karatasi ya tishu juu ya maungio ya mtutu na chemba, kisha fyatua ukiwa na risasi ndani kama kawaida. Ukanda ukirushwa au ukitikisika, oringi (pete ya mpira ya kuzuia mvujo) ya maungio imechoka, na hakuna sababu ya kugusa springi mpaka uibadilishe. Oringi mpya ni kitu kidogo, lakini mara nyingi hurudisha kasi na kupunguza pengo kwa pamoja. Usijaribu kamwe kufyatua bila risasi ili kuchunguza mvujo, maana pistoni isiyokutana na mto wa hewa hugonga mwisho wa silinda na kuharibu sili yake, yaani kizuia mvujo kilicho mbele yake.

Kisha zisome namba. Kasi iliyo chini lakini inayolingana mara nyingi humaanisha springi iliyochoka au kufupika. Kasi iliyo chini na inayorukaruka huelekeza kwenye mvujo wa sili ya pistoni au oringi. Kasi iliyo juu isivyo kawaida, ikiambatana na moshi mdomoni mwa mtutu au harufu ya mafuta yaliyoungua, inaonyesha kwamba mafuta yaliyoingia mbele ya pistoni yanawaka kutokana na joto la mgandamizo. Hali hii ya mwisho huwadanganya wengi, kwa sababu bunduki iliyotoka kwa fundi ikiwa imepakwa grisi kupita kiasi huonyesha namba za kupendeza siku ya kwanza. Piga risasi 20 hadi 30 ili mafuta yaishe, ndipo upime. Ikiwa bado inatoa moshi, fungua, futa, na upake upya kidogo sana: utando mwembamba wa grisi yenye molibdeni pembeni mwa pistoni, bila chochote mbele ya sili.

Mkazo wa springi hurekebishwa kwa washa (pete bapa) zinazowekwa ndani ya pistoni au nyuma ya springi. Weka washa moja nyembamba, funga, piga risasi kadhaa za kutuliza, kisha mfululizo wa 10. Ukiongeza mkazo, kasi itapanda hadi mahali fulani, halafu itakwama huku mtikisiko ukizidi na pengo likipanuka, kwa kuwa pistoni inayokwenda kwa nguvu mno hudunda kwenye mto wa hewa kabla risasi haijapata faida. Ukiona wastani umeongezeka kwa mita 2 na pengo limetoka 4 hadi 9, iondoe ile washa. Sioni sababu ya kuing'ang'ania. Kwa bunduki ya springi iliyo katika hali nzuri, pengo la mita 4 au 5 katika risasi 10 ni matokeo ya kuridhisha, na bunduki nyingi huwa tamu zaidi kushika zikiwa na mkazo uliopunguzwa kidogo kuliko ule wa kiwandani.

Kurekebisha bunduki ya silinda ya hewa

Hapa ndipo kronografu inapojilipa. Bunduki isiyo na regulata, yaani kifaa kinachotuliza shinikizo la hewa kati ya silinda na vali, hutoa kasi inayopanda kisha kushuka kadiri silinda inavyopungua: shinikizo likiwa juu sana, nyundo haina nguvu ya kuifungua vali vya kutosha, likifika katikati, vali na nyundo hupatana, likishuka zaidi, hewa yenyewe haitoshi. Ijaze hadi kiwango cha mtengenezaji, piga mfululizo mrefu hadi kasi ianguke waziwazi, na uandike shinikizo baada ya kila risasi 5. Tuseme umeanza na bari 200 ukapata 228, ukapanda hadi 240 ukiwa kwenye bari 160, ukarudi 229 kwenye bari 110. Eneo lako la kazi ni lile ambalo kasi haitofautiani kwa zaidi ya asilimia 3 hivi, na huenda likawa kati ya bari 180 na 130. Basi jaza hadi 180 badala ya 200. Risasi unazozipoteza kwa kutojaza kabisa ni zile ambazo hazikuwa zikienda mahali pamoja na wenzake.

Bunduki yenye regulata huipa vali shinikizo lilelile hadi silinda ishuke chini ya kiwango ilichowekewa regulata. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kurekebisha ni springi ya nyundo. Legeza skrubu yake hadi kasi iwe chini, kisha ikaze robo mzunguko kwa kila hatua, ukipiga risasi 5 na kuandika wastani. Namba zitapanda kwa haraka mwanzoni, kisha taratibu, hatimaye zitasimama: 198, 214, 226, 234, 238, 239, 239. Kuanzia hapo kila robo mzunguko unaoongeza ni hewa inayotupwa bila faida, nawe utaisikia kwa mlio unaokuwa mkubwa zaidi. Rudi nyuma hadi kasi iwe asilimia 3 hadi 5 chini ya kilele, yaani karibu 227 hadi 232 katika mfano huu. Mahali hapa ndipo hewa inapotumika vizuri na pengo kuwa dogo, na mara nyingi unaweza kupata pengo la mita 2 au 3 tu.

Ukitaka kasi nyingine iliyo mbali na hiyo, badilisha kiwango cha regulata halafu urudie zoezi la nyundo tangu mwanzo. Usijaribu kufidia shinikizo dogo kwa nyundo nzito. Toa hewa yote kwenye silinda kabla ya kugusa regulata, isipokuwa kama mtengenezaji ameeleza waziwazi kwamba ya kwake hurekebishwa ikiwa na hewa. Kwenye sehemu zenye shinikizo tumia grisi ya silikoni tu. Mafuta au grisi iliyotokana na petroli na hewa iliyobanwa kwa mamia ya bari vinaweza kulipuka.

Mpangilio wa namba hueleza mengi katika bunduki hizi. Risasi ya kwanza ya asubuhi ikiwa juu kwa mita 6 na zinazofuata zikitulia, regulata inavujisha kidogo kidogo usiku kucha na shinikizo la upande wa vali linapanda. Kwa kawaida ni uchafu au mkwaruzo kwenye kiti chake, yaani mahali inapozibia hewa. Risasi ya kwanza ikiwa chini na ya pili ikawa sawa, vali inanata au regulata inahitaji kuzoeshwa. Kasi ikishuka unapopiga haraka na kurudi unapotulia, regulata haijazi upesi. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoonekana kwenye wastani.

Bunduki za kaboni dioksidi hazina mengi ya kurekebisha, kwa kuwa shinikizo lake hutegemea joto: takriban bari 57 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na karibu 35 kwenye nyuzi 0. Kila risasi hupoza chombo, hivyo subiri nusu dakika au zaidi kati ya risasi, la sivyo utakuwa unapima ubaridi.

Kuchagua risasi na kuthibitisha

Bunduki ikishatulia, linganisha risasi za aina tofauti, mfululizo mmoja kwa kila aina, huku ukiuzoesha mtutu kwa risasi chache za aina mpya kabla ya kuhesabu. Zile za milimita 4.5 huuzwa pia kwa vipimo vya kichwa kama 4.50, 4.51 na 4.52, na tofauti hiyo ndogo hubadilisha namna risasi inavyoshika mtutu. Iliyolegea hutoa kasi isiyotabirika. Epuka pia kuzisukuma risasi zenye kiuno chembamba hadi karibu na kasi ya sauti, ambayo ni mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20. Zikivuka takriban 290 nyingi huanza kuyumba.

Sasa pima upya nishati kwa risasi nyepesi na nzito, na si kwa ile unayoipenda tu. Bunduki za springi kwa kawaida hutoa nishati kubwa zaidi zikiwa na risasi nyepesi, na za silinda zikiwa na nzito, hivyo bunduki iliyo chini ya mpaka kwa aina moja inaweza kuuvuka kwa nyingine. Jiachie nafasi chini ya mpaka, kwani siku ya joto nayo huweza kuongeza kasi.

Hatimaye ondoa kronografu, weka karatasi kwenye umbali unaopigia kwa kawaida, na upige makundi kadhaa ya risasi 5. Makundi yakiwa marefu kwa wima licha ya pengo dogo la kasi, tatizo liko kwenye mshiko, kitako au skrubu zilizolegea. Yakiwa mapana kwa mlalo, tazama upepo na mdomo wa mtutu. Zile karatasi zihifadhi pamoja na namba za siku hiyo, na urudie mfululizo mmoja wa risasi 10, kwa risasi zilezile na umbali uleule wa kronografu, kila msimu wa joto unapobadilika na kila unapohisi kwamba bunduki imeanza kukataa.